Maziwa ya Suzana

Suzana alipotupa ndama wake, daktari aliitwa kabla jua halijapanda. Alifika na pikipiki, akavaa glavu za kufika begani, akampapasa, akamtoa damu, akamkamua maziwa kidogo kwenye chupa, akampiga sindano, na mama mkwe wangu akasimama kando ameshika kichwa kwa mikono miwili. Mimi nilipoharibikiwa na mimba, ya kwanza na ya pili, niliambiwa nilale kidogo kisha nisali. Kwa hivyo mtu akiniambia eti ng'ombe ni mnyama tu, huwa nacheka. Kicheko chenyewe si kizuri.

Naitwa Ivyne, kwetu ni Vihiga. Nafanya kazi Westlands, hapa Nairobi, mapokezi, kwenye jumba moja refu la ofisi. Mimi ndiye yule anayekutabasamia na kukwambia ukae pale usubiri. Haron Kibe alikuja kuweka mitambo ya intaneti kwenye orofa yetu. Akasubiri, akasubiri, mwishowe akawa hataki kuondoka. Alinioa akanileta kwao Waithaka. Si kwamba hatungeweza kupanga nyumba kwingine, lakini babake alishafariki, naye ni mtoto wa pekee, na mama yake, Waithera, alikuwa amebaki na ploti ya urithi, vyumba vya mabati vya wapangaji upande mmoja na zizi upande wa pili. Mama haachwi peke yake, Haron alisema. Nikakubali. Nilikuwa nampenda.

Na niseme ukweli, maana hasira yangu haihitaji kutiwa chumvi: mwanzoni mama mkwe alinipenda. Majirani walimwonya kwamba kijana wake ameleta Mluhya, kuku wote wataliwa. Akawajibu kuwa watafugwa wengine. Nilipomwambia nina mimba alicheka mpaka akalia. Kwa Wakikuyu binti wa kwanza huchukua jina la mama ya bwana, na si jina tu, ni yeye mwenyewe amezaliwa tena. Waithera alizaa Haron pekee. Hakukuwa na msichana hata mmoja duniani aliyebeba jina lake, na asingekuwepo mwingine ila atoke kwangu. "Niletee Waithera," aliniambia, akanipapasa tumbo ambalo hata halikuwa limeanza kuonekana.

Kesho yake alfajiri alinigongea dirisha akiwa na kikombe cha maziwa. Yalikuwa na povu juu na joto la kiwele. Suzana alikuwa Friziani mweusi mwenye mabaka meupe, mpole, aliyenunuliwa kwa bei ya chini kutoka kwa mtu aliyedai anahama. Maziwa yake yaliingia chai ya nyumba nzima, na wapangaji na watu wa kanisa walikuja na mitungi yao kununua. Lakini hayo ya chai yalichemshwa mpaka yakafura. Yangu, hapana. Mama mkwe alikuwa na imani yake: ukichemsha maziwa nguvu inaenda na mvuke, unabaki kunywa maji meupe. Mama yake alimpa hivyo alipokuwa na mimba ya Haron, na hebu mtazame Haron alivyojaa mlango. Ni mwenye mimba tu aliyestahili. Haron akiomba alifukuzwa. Nilikunywa kila asubuhi nimesimama mlangoni na leso yangu, mama mkwe akinitazama mpaka tone la mwisho, na nilijiona malkia, aki.

Mimba ya kwanza ilitoka kabla sijanunua nguo kubwa. Walisema hutokea. Ya pili ilifika mahali ambapo mtoto alikuwa ameanza kucheza, na hiyo sitaisimulia. Katikati ya hizo mbili palikuwa na homa. Ilikuja na kuondoka, na jasho la kulowesha shuka, na mgongo na nyonga zikiniuma mpaka nashuka ngazi kwa ubavu. Kisha nakuwa mzima kwa muda, kisha tena. Nilienda kwa kemisti pale stejini. Watu wa Nairobi mnajua: huko homa ina majina mawili, malaria na typhoid, na siku ukiwa na bahati mbaya unapewa yote. Akanidunga, akachanganya tone la damu na kitu chake, akaniambia kwa huruma, "Madam, ni typhoid, na imeanza kuungana na malaria." Nikameza dawa. Nikapata nafuu, ikarudi. Nikarudi, akasema sasa typhoid imekuwa sugu. Nimetibiwa typhoid kuliko mtu yeyote ninayemjua, na sijawahi kuugua typhoid hata siku moja.

Baada ya ile ya pili mapenzi yalianza kupoa. Mama mkwe alisikia redioni kwamba kuna magonjwa ya zinaa yanayoua mtoto tumboni. Hakuniambia mimi. Alimwambia Haron, na Haron akaniambia huku akiangalia ukuta, kwamba si vibaya nikipimwa kaswende na kisonono, kwa sababu unajua Westlands kuna mabaa. Mabaa! Mimi ninayefunga kazi nikakimbilia nyumbani kumpikia yeye chapati. Nilimuuliza kama na yeye atapimwa, akasema yeye hana shida. Nikaenda peke yangu. Sikuwa na kaswende, sikuwa na kisonono, sikuwa na lolote katika hayo. Niliwaambia majibu mezani wakati wa chakula, wakaendelea kula. Hakuna aliyesema hata pole. Kikombe cha alfajiri hakikukoma, maana sasa ilisemekana nahitaji kujengwa upya, ila mama mkwe alikiacha dirishani bila kugonga.

Hapo ndipo Suzana naye alipotupa ndama. Nilipotoka kwenda kazini daktari wa mifugo alikuwa bado zizini. Kitheka, mtu wa makamo, mchangamfu, anayejua kila ng'ombe wa Dagoretti kwa jina. Mama mkwe alikuwa amemshika ndama yule aliyekufa kwa mikono mitupu. Nilimsikia Kitheka akimgombeza kwamba amwache chini, anawe, asiguse tena bila nailoni. Nilikuwa nimechelewa, sikungoja.

Siku chache baadaye kikombe kilikoma. Hakuna aliyeniambia kwa nini, na mimi sikuuliza, maana niliona jibu liko wazi: nimeachishwa. Mke asiyezaa anapewa maziwa ya nini? Kisha Suzana akauzwa. Nilirudi jioni nikakuta zizi tupu na mama mkwe anafagia kwa nguvu ambazo sikujua anazo. Alisema ng'ombe amezeeka, maziwa yamepungua. Nami, mjinga mimi, nilienda chumbani nikamlilia. Niliona sisi wawili tumekosa kosa moja, tofauti ni kwamba yeye ameshaletewa lori.

Jumapili iliyofuata niliitwa mbele kanisani. Mama Njuguna, kiongozi wa akina mama, aliniwekea mkono tumboni mbele ya umati wote akakemea roho ya utasa iliyonifuata kutoka kwetu. Kutoka kwetu! Kwani Vihiga watu hawazai? Kwetu tumezaana mpaka mashamba yamekwisha. Nilisimama pale nimeinamisha kichwa, uso unanichoma, na nyuma yangu nikamsikia mama mkwe akisema amina. Aliisema kwa sauti kubwa kuliko wote.

Mimba ya tatu ilipoingia nilikaa nayo kimya mpaka haikufichika tena. Mama mkwe alipoambiwa alisema tu, "Tutaona." Na hapa nataka mnielewe vizuri, kwa sababu kila kitu kilisimama juu ya mtoto huyu. Haron aliniambia, tena bila kukunja uso, kwamba mama ameongea na wajomba zake, na kwamba hii isiposhika ingefaa nirudi kwetu nikapumzike. Ndilo neno walilochagua, nikapumzike. Nilielewa. Lakini sikumtaka mtoto ili nibaki na Haron, msije mkafikiri hivyo. Nilimtaka kwa sababu wale wawili niliwataka, na nilikuwa nimechoka kutembea na mikono isiyobeba kitu.

Kisha homa ikarudi, na jasho lile lile, na mgongo. Sikwenda kwa kemisti. Nilijikaza nikaenda kazini, na siku moja nikiwa mezani nikahisi unyevu. Nikaingia msalani nikaona damu. Ilikuwa kidogo, lakini ile ya pili pia ilianza kidogo. Nilichukua mkoba, nikawaacha wageni wamepanga foleni wakitazamana, nikaingia teksi hadi kliniki ya wajawazito katikati ya jiji. Sikumpigia Haron simu. Njiani nilikuwa namwambia mtoto asitoke, nikimwambia kwa Kimaragoli, lugha ya kwetu, dereva akiniangalia kwenye kioo.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, Jacklyne Obuya, mwenye sauti kavu na haraka nyingi. Aliniwekea mashine tumboni, akanisikilizisha moyo wa mtoto ukienda mbio. Nililia, naye akaningoja nimalize. Halafu akaanza kuuliza mambo ambayo hakuna aliyewahi kuniuliza. Homa inakuja vipi, jasho saa ngapi, viungo gani. Nikamwambia kuhusu typhoid zangu zote. Akaweka kalamu chini.

"Kwenu mnafuga?"

Nikasema tulikuwa na ng'ombe.

"Aliwahi kutupa ndama?"

Nikasema ndiyo.

"Na wewe ulikunywa maziwa yake bila kuchemsha?"

Niliona lile dirisha la chumba chetu na kikombe juu yake. Nikatikisa kichwa kukubali, akaniandikia vipimo.

Majibu yalipotoka aliniita tena akayataja: brusela. Nilimuuliza kama hiyo ni aina ya typhoid, na nadhani nilimchekesha bila kutaka, kwa sababu alilegea kidogo akanieleza. Alisema bakteria ni koo nyingi na kila ukoo una mahali unapopenda kukaa. Wako wa kooni, ambao mtoto akiachwa nao bila dawa huweza kumharibia moyo. Wako wa mapafuni, ndio kifua kikuu na nimonia. Wa matumboni ni kipindupindu na hiyo typhoid yenyewe. Pepopunda hungoja kwenye udongo mpaka ukanyage msumari. Wa zinaa nilishapimwa. Halafu wako wanaotoka kwa mifugo, na huyu wangu ni mmoja wao. Kwa ng'ombe hakuna mahali anapopapenda kuliko nyumba ya uzazi, ndiyo maana ng'ombe hutupa. Akiingia kwa mtu hujificha ndani ya seli, homa ikawa inakuja na kwenda miezi na miezi, na mwenye mimba anaweza kuipoteza. Kile kipimo cha kemisti, alisema, kinaweza kumwona huyu kikamwita typhoid.

Nikamuuliza kama mtoto atapona. Alisema hawezi kuniahidi. Alisema dawa iko, ni ya wiki nyingi, nisiruke hata siku moja, na kwamba ningekuja mapema ingekuwa rahisi. Nikamwambia ningekuja mapema na nini, daktari, nilikuwa na typhoid. Akauliza kama mwenye ng'ombe hakumwita daktari wa mifugo, kwa sababu huyo lazima angejua.

Nilitoka nje barazani, nikatafuta namba ya Kitheka, nikampigia. Tulisalimiana. Nikamuuliza Suzana alikuwa na nini.

"Kwani hukuambiwa?"

"Niambie wewe, daktari."

"Brusela. Nilipopata majibu nilikuja mwenyewe nikamwambia mama, na bwana yako alikuwa hapo. Nikawaambia asiuzwe akiwa hai. Nikasema yeyote aliyekunywa maziwa mabichi apelekwe hospitali haraka. Nikawauliza, ni nani amekunywa?"

"Wakasema nini?"

Alikohoa. "Wakasema hakuna."

Nilikaa kwenye benchi la pale barazani, watu wanapita na matumbo yao, mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia bado.

Haron alinikuta nimeketi jikoni. Nilimwambia jina la ugonjwa, nikamtazama usoni, na hakushtuka. Afadhali angeshtuka. Alijitia hamnazo kidogo, akauliza ndio nini hiyo, nikamwambia nimeongea na Kitheka. Basi akavuta kiti. Alisema mama ndiye aliyeamua. Alisema mama aliogopa, kwa sababu wapangaji wote walikunywa maziwa yale, na nusu ya kanisa, na jina la brusela likitoka langoni hakuna mtu angenunua kwetu hata sukuma wiki. Na mimi nina mdomo, alisema, ningetangaza. Mama alisema nikishaacha kunywa ugonjwa utaisha wenyewe.

"Na wewe ulisema nini?"

"Ningesema nini, Ivyne? Ni mama."

"Nilipoitwa mbele kanisani, ulikuwa unajua?"

Akasogeza kikombe kilichokuwa mezani.

"Na mama alikuwa anajua, akasema amina."

"Alikuwa anakuombea," Haron alisema. Naapa alilisema hilo, na nadhani aliliamini.

Nilimuuliza Suzana yuko wapi. Aliuzwa kwa mtu wa mbali, akaenda akiwa hai. Nilimuuliza kama huyo mtu anajua alichonunua. Haron akainuka akafungua mfereji, akanawa mikono ambayo haikuwa michafu. Pengine yule aliyetuuzia sisi, aliyekuwa anahama, naye alinawa hivyo hivyo. Nilitaka kumrushia sufuria. Nilitaka kupiga nduru mpaka wapangaji watoke. Lakini mtoto aligeuka tumboni, mara yake ya kwanza kugeuka hivyo, na nikakumbuka nimekatazwa kujisumbua. Nilifunga mdomo. Msidhani ilikuwa heshima.

Nilimeza dawa. Zilikuwa vidonge vyekundu, na mkojo wangu ukawa rangi ya chungwa, na kwa kuwa choo ni karibu na cha wapangaji habari ilienea. Kuna mmoja aliyekuwa na ndugu aliyetibiwa kifua kikuu kwa vidonge vya rangi hiyo, na kweli dawa moja hutumika kote kuwili, kwa hivyo ikawa nina TB. Wanawake wakaanika nguo zao mbali na zangu. Watoto wao wakavutwa mkono nikipita. Mama mkwe aliyaona yote hayo. Neno moja tu kutoka kwake lingetosha, naye alikuwa akisonga ugali wake na kuimba nyimbo za kanisa kwa sauti ya puani. Wakati huo na yeye alikuwa na magoti yanayouma na jasho la usiku. Nilimwambia aende akapimwe, yeye ndiye aliyemshika ndama. Alisema ni uzee. Nilimwambia mara nyingine, akasema nisimtafutie magonjwa.

Mtoto alizaliwa kabla ya wakati wake, mdogo, wa kulala ndani ya kisanduku cha joto na mipira puani. Msichana. Kila asubuhi niliingia mle kwenye chumba cha watoto nikiwa na uhakika nitakuta kisanduku kitupu, na kila asubuhi nilimkuta amekunja ngumi. Daktari Obuya alikuja akamtazama, akasema kwa ile sauti yake kavu kwamba huyu ni mkaidi. Sijawahi kusikia sifa nzuri kuliko hiyo. Haron alilia pale kwenye kioo, nami nikamwacha alie.

Mama mkwe alikuja siku niliyoambiwa tunaweza kwenda nyumbani. Haron alikuwa amekwenda kuleta gari mlangoni. Mama mkwe alikaa ukingoni mwa kitanda, akavua kitambaa cha kichwa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele yangu, na nikaona nywele zilivyoisha.

"Nilikosea," alisema. "Wakati nakupa sikujua. Ningekupa sumu kwa mkono wangu?"

"Najua hukujua," nikamwambia, na nilimaanisha. "Ninauliza ulipojua."

Alilia. Alisema aliogopa watu. Alisema kila Jumapili alitaka kuniambia, na kila Jumapili ilipopita ikawa vigumu zaidi. Moyo wangu ulilainika, sikatai, nusura nimshike mkono. Nikamwambia basi aseme hivyo hivyo mbele ya akina mama, kwa sababu mbele yao ndiko nilikoaibishwa, na kwa sababu wao nao walikunywa, labda kuna mmoja anameza dawa za typhoid hadi leo. Akakausha macho papo hapo. Akafunga kitambaa chake.

"Hayo ni ya nyumbani," alisema. Kisha akanyoosha mikono. "Nipe Waithera wangu nimbebe."

Akina mama wa kanisa walikuja Jumamosi. Walikuja wakiimba tangu barabarani, na uji kwenye mitungi, na shuka, na ndizi, na viroba vya unga. Sebule ilijaa mpaka wengine wakakaa kwenye mikono ya viti. Mama mkwe alivaa nguo mpya ya kijani na alikuwa akipita na chai akisema, "Mmeniona? Mmeniona nilivyo mdogo tena?" na wao wakicheka, wakimwita mtoto Waithera, wakimwambia Waithera mkubwa amwachie Waithera mdogo nafasi. Haron alisimama mlangoni akitabasamu. Mama Njuguna akasali. Alimshukuru Mungu kwa kuivunja roho ile iliyotoka mbali. Halafu akaniambia, kwa kuwa ndio utaratibu, mama mtoto ataje jina ili tulibariki.

Nilikuwa nimeketi na mtoto kifuani. Nilisema, "Kabla ya jina, mama ana neno. Awaambie ni nini kilitoa mimba zangu mbili. Akishasema, mtoto ni Waithera."

Vikombe vilitulia. Haron akasema, "Ivyne, tafadhali." Mama Njuguna alimgeukia mama mkwe, si kwa ubaya, akangoja.

Nilimwangalia mama mkwe akiwaangalia wale wanawake mmoja mmoja. Wote walikuwa wateja wake. Wote walikuwa marafiki zake. Kisha akamwangalia mtoto, na nikaona mdomo wake ukifunguka, na ndani yangu nikawa namsukuma, sema, sema mama, nitakusamehe hata kabla hujamaliza.

"Ni shetani," alisema. "Na ameshindwa."

Wakasema amina.

Basi nilisema mwenyewe. Niliwaambia ng'ombe alikuwa na brusela, kwamba ni ugonjwa wa bakteria, kwamba daktari wa mifugo alisema na watu wa nyumba hii wakajua, kwamba yeyote aliyekunywa maziwa ya hapa bila kuyachemsha vizuri na sasa ana homa isiyoisha au viungo vinavyouma aende hospitali akapimwe kwa jina hilo. Nilisema polepole, kwa Kiswahili rahisi, ile sauti yangu ya mapokezi. Walinitazama kwa huruma. Mmoja alimnong'oneza mwenzake kwamba wengine wakijifungua akili huchelewa kurudi. Mama Njuguna akaweka chai yake chini, akaja, akaniwekea mkono kichwani, na wale wengine wakainuka, wakanizunguka, wakaanza kuniombea. Mama mkwe alikuwa katikati yao. Alifumba macho.

"Anaitwa Rael," nilisema juu ya sala yao. "Ni jina la mama yangu."

Waliendelea kusali kidogo, kisha sala ikafifia. Mama mkwe alifumbua macho. Alinitazama, akamtazama Haron mlangoni, na Haron, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakumsaidia. Mama mkwe akakaa chini kwenye sakafu na nguo yake mpya. Sasa wanawake wakamwinamia yeye.

Rael anatembea sasa. Ana meno na hasira za kwetu. Baada ya Daktari Obuya kunisisitiza, nilimpeleka mama mkwe kupimwa kwa kumdanganya kwamba tunaenda kupima presha, na brusela alikuwa nayo, na anameza dawa zake kwenye chumba chake mlango umefungwa. Bado tunaishi ploti moja. Akitaka kumwita mtoto husema, "Wewe mtoto, njoo." Jina la Rael halijamtoka mdomoni hata mara moja, na lake mwenyewe hathubutu kumwita nalo nikiwa karibu. Lakini jana nilirudi mapema kazini, nikawakuta nyuma ya nyumba wamekaa kwenye jua, na nikamsikia akimnong'oneza, polepole, akimfundisha aseme: Wai-the-ra. Mtoto alikuwa anajaribu. Nilisimama pale penye kona na mkoba wangu, nikasikiliza mpaka alipolipatia, kisha nikatokea nikasema, "Rael, twende ndani," naye akaja.